Shubiri Mbele ya Nyumba Yetu

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka mjini na chupa ya mafuta ya kujipaka, chupa ya kijani iliyochorwa jani nene lenye miiba pembeni. Akaifungua, akanipaka mkononi, akaniambia ninuse. Ilinukia peremende. Nikamwambia hiyo si shubiri, na kama ni shubiri basi wameitesa mpaka imekana kabila lake. Akacheka, akidhani ninatania kama kawaida yangu.

Sikuwa ninatania. Shubiri hainukii peremende. Ukikata jani la mshubiri unatoka utomvu wa manjano, na utomvu ule una harufu ya kwapa la mtu aliyelima tangu alfajiri, imechanganyika na kitunguu kilichoanza kuoza. Ni harufu mbaya, na ladha yake ni mbaya kuliko harufu. Nilinawa mkono kwa sabuni mara mbili, nikakaa barazani nimenuna mpaka chakula cha mchana kikapoa. Watu wa nyumba hii wamezoea hasira zangu, wanasema ni presha. Si presha. Ni mambo ya mwaka mmoja, zama za mwisho za Mwingereza, nilipokuwa na miaka tisa. Nitawasimulia ninyi, maana hawa wa nyumbani nikiwaanzia tu wanashika simu zao.

Kwetu ni pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla. Ukisimama ukingoni unaiona Chiwata chini, na mbele yake vile vilima vya mawe vya Masasi, na Newala inabaki mgongoni kwako, mbali. Juu huko tulikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Muhogo ulikubali, mikorosho ilikubali, mbaazi ndiyo usiseme, lakini mvua ikinyesha ilimezwa na mchanga mwekundu kabla hujatoa chombo nje. Maji tuliyafuata bondeni, kwenye chemchemi iliyotoka chini ya ukingo, na kupanda nayo kilikuwa kilima cha kukufanya umkumbuke kila uliyemkosea.

Mahali pa namna hiyo huwezi kupanda maua ya kumwagilia. Mama yangu, Fransiska, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Monika kwa sababu Monika ni mimi, alipanda mishubiri. Aliipanda mistari miwili kuanzia njiani hadi mlangoni, na mingine ndani ya mitungi iliyopasuka. Kiangazi kilipokaza na kila kitu kikawa rangi ya vumbi, mishubiri ilitoa mashina marefu na juu yake maua mekundu, mengi, yameinamisha vichwa. Vindege vile viitwavyo chozi vilikuja asubuhi kunyonya utamu wake. Hilo lilinishangaza sana nikiwa mtoto, kwamba mmea mchungu vile una utamu wa kumpa ndege. Sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo ilipofika mwezi wa sita, kanisa letu dogo la nyasi lilipambwa kwa maua ya mama, maana siku ya mashahidi altare hutakiwa rangi nyekundu, na nyekundu nyingine haikuwepo.

Lakini watu hawakuja kwetu kutazama maua. Walikuja kukata majani. Mtoto akiungua, mama alipasua jani, akachukua ule ute wa ndani unaoteleza, akaupaka, na kilio kilishuka. Kidonda kilichokataa kupona mguuni alikifunga jani lililobanikwa kidogo kwenye makaa. Kuku wakisinzia kwa kideri, jani lilipondwa likatiwa kwenye maji yao ya kunywa, na wengine kweli walipona, wengine tukawala. Aliyefunga choo siku tatu alipewa utomvu kidogo mno, kama wa kuchovya ncha ya kijiti, akaondoka akijua hatafika mbali. Na mwanamke aliyetaka kumwachisha mtoto ziwa alikuja kwa haya kidogo, akapewa kipande cha jani, akajipaka kwenye chuchu. Mtoto alinyonya mara moja, akakunja uso kama amemwona chifu, na baada ya siku mbili alikuwa mtu wa uji.

Mama hakudai kitu. Mama Agnesi, mke wa mwalimu wetu wa dini, alikuja mbio siku moja na binti yake Agnesi aliyetumbukiza mkono kwenye sufuria ya uji. Mama alimshughulikia mtoto yule siku kumi na nne, asubuhi na jioni. Mkono wa Agnesi ulipona hata usijue kuwa uliwahi kuungua. Ninalitaja hilo kwa makusudi.

Mwaka huo ninaousimulia baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda mkonge, kama wanaume wengi wa kwetu, kutafuta ya kodi na bati mbili tatu za nyumba. Aliondoka mdogo wangu Stefano akiwa na mwezi mmoja. Ilipofika ile sikukuu ya mwezi wa sita, Stefano alikuwa na miezi kumi na mmoja, anatambaa na kula mchanga.

Siku chache kabla ya sikukuu mama alianza kuumwa. Hakusema anaumwa nini. Usiku alitetemeka, na asubuhi mkono wake wa kushoto haukunyanyuka kufika kichwani. Nilipoamka nilimkuta ameegemea ukuta wa jikoni, amenipa mgongo, kanga imeshuka kiunoni. Mkononi ana jani la shubiri lililopasuliwa, anajipaka ziwa polepole, na ile harufu imejaa jikoni kote. Stefano alikuwa chini analia, anamtambalia, na mama anamsukuma kwa mguu taratibu asimfikie. Nilirudi nyuma bila kuonekana. Nilikuwa nimeshawaona wanawake wakiachisha watoto. Nikajiona ninajua kila kitu.

Baadaye aliniambia, "Monika, leo nenda wewe majini na wakubwa. Mimi mkono hauwezi."

Chemchemi yetu haikuwa ya kuchota tu. Maji yalitoka kidogo kidogo kwenye kishimo, ukachota kwa kata mpaka mchanga uonekane, ukasubiri yajae tena. Kila mtu aliweka mtungi wake nyuma ya mtungi uliotangulia, na mtungi wako ndio nafasi yako. Kiangazi uliweza kufika alfajiri na kurudi nyumbani jua limepita kichwani. Wanawake walikaa juu ya mawe wakisuka ukili na kusema watu. Mtoto kazi yake ilikuwa kuchunga mtungi na kunyamaza. Mimi kunyamaza kulinishinda tangu kuzaliwa.

"Shikamoo, Mama Agnesi," nilisema.

"Marahaba, Monika. Mama yako leo kashindwa nini?"

"Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

Sikujua. Nikaona aibu kutojua, mbele ya wanawake wote wale walionitazama kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Basi nikasema nililodhani ninalijua. "Anamwachisha Stefano. Amejipaka shubiri kwenye ziwa."

"Umeona wewe?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Nakumbuka aliyekuwa anachota alisimama na kata hewani, maji yakimdondokea miguuni. Kwetu mtoto alinyonya miaka miwili na zaidi. Mwanamke aliyemwachisha mtoto wa miezi kumi na mmoja alikuwa na sababu moja tu, kwamba amechukua mimba nyingine na anaogopa kumdhoofisha yule anayenyonya. Na baba yangu alikuwa mkonge kwa miezi kumi. Wanawake wale hawakusoma hesabu, lakini hesabu hiyo waliimaliza kabla tone la mwisho halijaanguka.

Mama Agnesi aliniambia kwa sauti tamu kabisa, "Mwanangu, lete mtungi wako mbele. Mtoto mdogo kama wewe usubiri nini."

Nikauleta mbele. Niliruka watu kumi na wawili, nikajaziwa na kutwishwa, nikaondoka na furaha. Nilimuuza mama yangu kwa nafasi kumi na mbili za foleni ya maji. Nilipofika nyumbani mama aliutazama mtungi, akalitazama jua lililokuwa bado chini, kisha akanitazama mimi. Alinitua tu.

Maua ya mama hayakuwekwa altareni sikukuu ile. Nilipeleka mzigo kama kila mwaka, na mwalimu wa dini akaniambia niyaache nje, ukutani. Yalikauka pale ukutani. Altare iliwekewa kitambaa chekundu cha kuazima kwa Mhindi wa duka, kikiwa bado na alama ya chaki ya bei.

Baraza la kanisa lilikaa katikati ya mwezi wa saba, padri alipokuja kwenye mzunguko wake. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole sana, mwenye Kiswahili cha vitabu. Wakali huwa nawasamehe. Wapole ndio wanaonikera mpaka leo, maana mtu mpole anakuumiza na bado unajiona umemkosea. Walikaa yeye, mwalimu wa dini, wazee wawili, na Mama Agnesi kwa niaba ya wanawake. Sisi watoto tulisikiliza nyuma ya ukuta wa nyasi, ambao haukuwahi kuzuia siri ya mtu.

Mama alisema alikuwa na jipu kwenye ziwa. Alilisema wazi, bila kuongeza wala kupunguza: jipu lilimtoka, alilipaka shubiri ili liive na lipasuke, limepasuka, limepona. Padri akasema basi wanawake waende wakatazame. Mama Agnesi akamchukua mwanamke mmoja, wakaingia na mama kwenye chumba cha mavazi, wakatoka.

"Tumeona kovu dogo," Mama Agnesi alisema. "Kovu ni kovu tu, Padri. Laweza kuwa la mwaka juzi."

Mnaona? Wiki tatu zilikuwa zimepita. Shubiri ilifanya kazi yake vizuri mno. Angekuwa mganga mbovu, jipu lile lingekuwa bado linatoa usaha, na mama yangu angetoka mle mwanamke safi.

Padri akasema wasihukumu, wasubiri, muda utaonyesha. Wakati huo mama asipokee Ushirika, akae nyuma pamoja na wakatekumeni, wale ambao bado hawajabatizwa. Na palikuwa na jambo la pili, alilisema kama mtu anayekumbuka kufunga dirisha. Misheni ilikuwa na shule ya wasichana ya bweni, na mwaka huo kijiji chetu kilipewa nafasi moja. Mimi ndiye niliyesoma vizuri kuliko wasichana wote, hata Agnesi alijua. Lakini nafasi ilikuwa ya mtoto ambaye wazazi wake wamo katika Ushirika. Jina la Monika kwa sasa liwekwe pembeni.

Hapo niliposikia, wasomaji wangu, sikumchukia Padri. Sikumchukia Mama Agnesi. Nilimchukia mama. Shule ile niliiota. Nilisikia kuna kitanda cha mtu mmoja, na maji ya bomba, unafungua tu yanakuja. Nilikwenda nyumbani nikakataa kula, na mama akaniacha nikatae.

Tukasubiri. Ninyi mnajua mimba ilivyo. Si kitu cha kufichika mwaka mzima. Mwezi wa nane ukapita, wa tisa ukapita, mabibo yakaiva na kuanguka, watu wakalewa uraka wa mabibo hayo, wakatukanana na kupatana. Macho ya kijiji kizima yalikuwa kwenye tumbo la mama yangu. Alipokwenda shamba walilitazama, alipoinama kupura mbaazi walilitazama. Tumbo lilibaki vilevile, bapa, la mwanamke anayekula mlo mmoja na kulima peke yake. Stefano aliendelea kunyonya, ziwa la kulia na la kushoto, mbele ya kila mtu, na mama hakumfunika. Mtu mwenye akili angesema basi, tulikosea, tumwombe radhi mama wa watu.

Wakasema ameitoa.

Wakasema ameitoa kwa shubiri. Maana ni kweli, wanawake walijua kwamba shubiri nyingi ikinywewa huharibu mimba, ndiyo maana mama alimuuliza kila mwanamke kabla ya kumpa dawa ya tumbo, akamkatalia aliye mjamzito. Walijua hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyewaonya. Sasa maonyo yake yakawa ushahidi. Tumbo lingekua, angekuwa mzinzi. Halikukua, akawa muuaji. Niambieni, ninyi mliosoma, tumbo lile lilitakiwa lifanye nini?

Mwalimu wa dini alitangaza kanisani kwamba ni jambo la kanisa, lisifike bomani kwa serikali, na alitaka tumshukuru kwa huruma hiyo. Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani kwetu na watoto wa darasa la dini, majembe mkononi, kuondoa kile alichokiita kishawishi. Waling'oa mishubiri yote, ya njiani na ya mitungini. Agnesi alikuwemo, anavuta mmea kwa ule mkono wake mzuri. Mama alikaa kizingitini na Stefano mapajani, anachambua choroko. Walipomaliza aliwapa maji ya kunywa, maji yale ya kupandisha kilima, na wakayanywa. Waliitupa mishubiri nyuma ya choo. Mshubiri haufi kwa kung'olewa. Ulikaa pale mizizi juu siku nyingi, kisha ukageuka wenyewe ukashika ardhi. Lakini maua mbele ya nyumba hayakurudi tena.

Mimi siku hiyo nilijificha kwenye mihogo. Nilikuwa ninaona haya, si kwa ajili yao, kwa ajili yake.

Mwezi wa kumi na mbili Padri alikuja kwa siku nne, mzunguko wa mwisho kabla ya Noeli. Siku ya tatu, Jumapili, tulikuwa tumeshamaliza Injili, mama alipoinuka kutoka kule nyuma kwa wakatekumeni akatembea mpaka mbele. Hakuitwa. Alipiga magoti penye ngazi ya altare, akageuza uso kututazama, kama ilivyokuwa desturi ya wanaotubu dhambi iliyowakwaza watu. Akasema alilala na mwanamume asiyekuwa mume wake, akachukua mimba, akaitoa kwa shubiri. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuniambia nikalete kuni.

Mwalimu wa dini akauliza mwanamume ni nani. Mama akasema ni muuza nguo aliyepita na baiskeli. Wauza nguo wenye baiskeli walipita kwetu kila mwezi, leo huyu kesho yule, na hapakuwa na mtu aliyejua jina la hata mmoja.

Nadhani kanisa lilifurahi. Sisemi walicheka, palikuwa na utulivu fulani, kama watu waliokwisha kushiba. Padri alilia, mpole yule. Alimpa toba: Jumapili sita apige magoti mlangoni watu wakiingia na wakitoka. Baada ya Misa alimwita kando, wakazungumza kidogo. Jumatatu asubuhi, kabla hajaondoka, alinipiga piga begani akaniambia jina langu limerudi, niombee roho ya mama yangu.

Nami nilifundishwa kwamba hakuna mtu anayeweza kusema uongo mbele ya altare, angekufa palepale. Mama hakufa. Kwa hiyo alisema kweli. Kwa mtoto wa miaka tisa jambo lilikwisha.

Nilikwenda shule mwezi wa kwanza. Kitanda kilikuwepo, bomba lilikuwepo. Pasaka baba alirudi kutoka mkonge, akasikia habari kabla hajafika nyumbani, maana kwetu habari hukusubiri njiani na kukubebea mzigo. Kwa desturi yetu nyumba ni ya mke na ukoo wake, mume akitaka kuondoka haondoki na kitu. Alichukua blanketi lake, akaacha bati mbili alizonunua, akaenda kuoa upande wa Newala. Niliandikiwa habari hiyo. Nikamjibu baba barua ndefu ya kumpa pole. Mama nilimwandikia mistari minne, na nilianza na neno "Mama" peke yake, bila mpendwa, na nilihakikisha analitambua pengo hilo. Hakujua kusoma. Alisomewa na Mama Agnesi.

Likizo nyingi nilibaki shuleni. Nilisema ni masomo.

Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo. Nilikuwa mwalimu, nimeolewa, ninakaa Mkomaindo, pale Masasi, kwenye chumba cha kupanga, na mtoto wangu wa kwanza ana wiki tano, ziwa langu la kushoto lilipovimba. Aliyewahi kupata jipu la ziwa anajua. Huwezi kunyanyua mkono, huwezi kuvaa, homa inakupanda kutoka magotini, na mtoto analilia palepale penye moto. Mume wangu alimtumia mama habari bila kuniuliza. Mama alifika Jumapili mchana kwa miguu, na kifurushi cha majani ya mgomba kichwani, na ndani yake majani ya shubiri.

Aliketi, akapasua jani, ile harufu ikajaa chumbani, akanifungua kanga akaanza kunipaka, kuanzia nje kwenda ndani, polepole, akikwepa chuchu.

"Usiogope," alisema. "La kwangu lilikuwa kubwa kuliko hili, na Stefano alikuwa na meno."

Nikaona. Nilimtazama yule mwanamke mwenye mvi, nikaona jikoni kwetu, na mgongo wake, na Stefano chini akisukumwa kwa mguu. Hakuwa anamwachisha. Alikuwa anamzuia asimguse palipokuwa panawaka. Nikaanza kulia, akadhani ni maumivu, akapunguza mkono.

"Mama," nilisema nilipoweza, "kwa nini ulikiri?"

Aliendelea kupaka. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu zamani.

"Padri alikuwa anaondoka na majina ya shule Jumatatu," alisema. "Jumapili ndiyo iliyobaki."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema ningejua, nisingeweza kusoma. Ningerudi nyumbani kupigana na watu, ananijua. Kisha akanifunga kanga vizuri, akachukua mtoto, akaniambia nimnyonyeshe la kulia kwanza.

Alikuwa sahihi, ningerudi. Ningewashika watu kwa meno. Badala yake nikafundisha watoto miaka thelathini na mmoja, na kila nilichokijua nilikipata kwa sababu mama yangu alikubali kupigishwa magoti mlangoni wakimpita, na binti yake akiwa wa kwanza kuamini. Hilo ndilo sikulielewa nikiwa mtoto, kwamba mtu anaweza kusema uongo mbele ya Mungu kwa mapenzi, na kwamba wale waliomlazimisha watalala usingizi wao wote. Mwalimu wa dini alizikwa kwa heshima. Mama Agnesi alizikwa kwa heshima, na mama alikwenda kupika matanga. Padri alirudi kwao. Hakuna aliyesimama mbele ya kanisa kusema tulikosea, na mimi, mpaka mama anakufa, nilinyamaza pia, kwa sababu aliniomba ninyamaze. Ni mara ya kwanza na ya mwisho kunyamaza kuniwezekana.

Sasa hayupo wa kuniomba. Alisema uongo ule mbele ya watu wote, basi na ukweli usemwe mbele ya watu wote. Aliitwa Fransiska. Hakulala na muuza nguo wa baiskeli. Hakuwa na mimba, na hakuua mtu. Alikuwa na jipu.